Bunduki ya Mjomba

Mimi ni Mnyamwezi wa Tabora ninayeishi Okolona, kusini mwa Louisville, na ugonjwa wangu ni bunduki kuukuu za kijeshi. Siwindi. Sina adui. Nimewahi kufyatua risasi mara moja tu, kwenye uwanja wa shabaha, na mlio ule ulinishtua hadi nikamwomba radhi mtu aliyekuwa pembeni yangu. Ninachopenda ni kuishika bunduki iliyostaafu, kuisoma mihuri yake kwa kioo cha kukuzia, kuipaka mafuta, kisha kuirudisha kabatini na kufunga kufuli kama mtu aliyefanya kazi ya maana. Kazi yenyewe ya maana, ile inayolipa kodi ya nyumba, ni kuendesha foklifti ghalani.

Nyumbani tulikua tukiambiwa kwamba baba wa babu yetu alikuwa askari wa Mjerumani, na kwamba alitembea na bunduki yake vita vyote hadi akaingia nayo Msumbiji. Kwa hiyo nilipofika Marekani na kukuta bunduki za vita vya zamani zimepangwa mezani zinauzwa kama mitumba, damu ya kiaskari ilinichemka. Nikanunua moja, nikanunua ya pili, nikanunua kabati. Baadaye sana shangazi yangu akaniambia kwenye simu kwamba yule mzee hakuwahi kushika bunduki. Alikuwa mpagazi. Alichokibeba kichwani vita vyote ni bafu la bati la kuogea afisa.

"Sasa wewe kusanya mabafu," shangazi akasema, akacheka hadi akapaliwa.

Ningeacha pale pale ningekuwa mtu mwenye akili. Lakini kabati lilikuwa limeshajaa nusu.

Ya kwanza niliuziwa na mzee mmoja wa Kimarekani mwenye ndevu nyeupe, aliyeniapia kwamba ni ya Kirusi na kwamba imepigana kwenye theluji. Ilikuwa imepakwa grisi nzito ya ghala la jeshi, ile inayonata kama ulimbo, nikaiogesha nyumbani kwa maji ya moto. Angalau siku hiyo bunduki na bafu vilikutana katika ukoo wetu. Grisi ilipotoka, na ukweli nao ukatoka. Mtutu ulikuwa wa kiwanda kimoja, kitako cha kiwanda kingine, na komeo, yaani kile chuma unachokivuta nyuma ili risasi iingie, lilitoka nchi nyingine kabisa. Namba zilikuwa zimegongwa upya juzi juzi na mtu mwenye haraka. Nilikuwa nimenunua mizoga mitatu iliyoshonwa pamoja, na nilikuwa nimeshaipiga picha na kumtumia kila mtu Tabora.

Tangu hapo nilijifunza. Bunduki ya kweli, hasa ya Kijerumani, ina namba yake mwilini mzima: kwenye mtutu, kwenye komeo, kwenye bamba la kitako, na hata kwenye vichwa vya skrubu zake ndogo utakuta tarakimu mbili za mwisho. Zikilingana zote, ujue haijawahi kutenganishwa na viungo vyake tangu ilipozaliwa. Unatazama mhuri wa taji, kama kingo zake bado ni kali au mtu amepiga msasa akazilainisha. Unanusa. Ndiyo, unanusa, mti uliokaa na mafuta miaka mingi una harufu yake. Nimewahi kuinamia meza ya watu ninanusa kitako cha bunduki, nikainua kichwa nikakuta foleni nzima inanitazama.

Na hivyo ndivyo nilivyompata mfalme wa kabati langu. Ilikuwa Columbus, kwenye banda kubwa la maonyesho, chini kabisa ya meza, imefunikwa na mikanda ya ngozi. Bunduki ndefu ya Kijerumani ya kupiga risasi moja moja, ya aina ile ile waliyopewa askari wa kwetu Afrika Mashariki. Taji lilikuwa kali. Namba zililingana zote, hadi skrubu ya mwisho. Sikuweza kuthibitisha kwamba iliwahi kukanyaga Tabora, lakini wala hakuna aliyeweza kuthibitisha kwamba haikuwahi, na mimi hilo lilinitosha. Tena ilikuwa kongwe kiasi kwamba sheria inaihesabu kama pambo. Niliilaza kitandani kwangu usiku wa kwanza, mimi nikalala kwenye kochi.

Mtu wa namna hii, utauliza, nani atakubali kuolewa naye? Swali hilo lilikuwa limenisumbua miaka mingi. Kisha nikakutana na mama mmoja wa Kikongo kwenye duka la vyakula vya Kiafrika, tukiwa kwenye foleni ya dagaa ambao yeye anawaita ndagala. Anatoka upande wa Fizi, alikulia kambini Kigoma, na hapa Louisville anafanya kazi ya kuhudumia wazee. Alinirekebisha namna ya kuchagua dagaa, akanicheka nilivyovaa, akaondoka. Nilimpenda. Nilirudi dukani pale kila Jumamosi hadi nikampata tena, na dagaa nilionunua kabla ya hapo bado wako kwenye friza.

Alipokuja kwangu mara ya kwanza, pamoja na mdogo wake wa kike kwa ajili ya heshima, nilimwonyesha nyumba yote. Nilipofungua chumba cha kabati alisimama kizingitini, akasema ataningoja jikoni. Nikadhani ni adabu: mwanamke mstaarabu haingii vyumba vya mwanamume. Nikazidi kumpenda. Nikamfuata jikoni na kumweleza habari za namba zinazolingana kwa muda mrefu, na yeye akakoroga chai yake muda wote huo, chai ambayo haikuwa na sukari.

Wazazi wake wako Buffalo, East Side, karibu na barabara ya Bailey, na wanaishi pamoja na mjomba wake. Mambo ya posa yalipoiva, baba yake alinitajia kwa simu mahari ya ukoo wao: vitenge vya mama, suti ya baba, mbuzi, ambaye huku amekuwa mbuzi wa kwenye friza, na mwisho, bunduki ya mjomba. Moyo wangu ulilia paa! Mchumba wangu alikuwa ananijua vizuri, akanipigia jioni ile ile.

"Sikiliza muzuri," akasema. "Bunduki ya mujomba ni ya zamani, ya kuwindia. Siku hizi watu wanaleta koti. Koti ya baridi, ya kofia. Unasikia? Koti. Usilete kintu ingine."

"Nimesikia. Koti."

Nilikuwa nimesikia kweli. Ila sikuuliza kwa nini siku hizi ni koti, kwa sababu nilidhani ninajua. Mkimbizi angeitoa wapi bunduki ya heshima? Watu wamekosa, nikajiambia, wameridhika na koti. Na huyu Mungu ni wa ajabu, kwani kati ya wanaume wote wa Marekani amewaletea mkwe mmoja mwenye kabati zima. Niliona tayari mjomba anavyosimama, anavyoshika kifua, wanawake wanavyopiga vigelegele. Nilitoa mfalme wangu kabatini. Mkijua nilivyoipenda bunduki ile, mtajua nilivyompenda yule mwanamke.

Mshenga wangu anaishi Columbus. Ni Mzaramo, mfamasia, na Wazaramo na sisi Wanyamwezi ni watani, kwa hiyo ana ruhusa ya kunitukana bure maisha yangu yote, hadi kwa habari ya bafu. Nilimpitia asubuhi. Alipofungua buti ili aweke mkoba wake, aliiona bunduki imefungwa kwenye kitenge kipya cha maua.

"Koti liko wapi?"

"Hakuna koti. Hii ndiyo yenyewe, ya asili. Fikiria mjomba atakavyofurahi."

Akaitazama, akanitazama. "Mnyamwezi," akasema, "umebeba bafu tena."

Njia nzima hadi Cleveland alijaribu kunipa akili. Alisema tusimame mahali tununue koti, hata la mtumba. Alisema yeye amekwenda kuposa mara nyingi na hajawahi kuingia nyumba ya watu na silaha. Nikamjibu kwamba hayo ni ya Wazaramo, watu wa kanzu na halua. Sisi wa bara tunajua uzito wa mambo. Mwishowe akasema sikio la kufa halisikii dawa, akavuta kofia machoni akalala.

Buffalo ilikuwa na theluji hadi kwenye ngazi. Viatu vilikuwa vimejaa barazani, makoti yamerundikwa kwenye kiti kimoja kama kilima, na sebuleni walikaa watu wa ukoo, wazee upande mmoja, akina mama upande wa pili, watoto popote. Harufu ya sombe, yaani kisamvu, ilijaa nyumba. Baba mkwe alitukaribisha kwa mikono miwili. Mama mkwe, mwanamke mwembamba mwenye kilemba cha bluu, alitusalimu kwa mbali bila kutoa mkono, kwani kwao mama hamkaribii mkwe wake. Mjomba alikaa katikati, mzee mfupi mwenye tai pana. Mchumba alikuwa chumbani na mashangazi, akisubiri kuitwa, kama desturi inavyotaka.

Mambo yalikwenda vizuri mno. Mshenga aliongea Kiswahili cha pwani hadi wazee wakawa wanatikisa vichwa kwa utamu. Vitenge vilipokelewa, suti ikapokelewa, habari ya mbuzi ikachekesha. Kisha baba mkwe akasema, "Bon. Sasa kintu ya mujomba," na wote wakatazama mlangoni, wakitegemea koti.

Nilikwenda kwenye gari nikarudi nimeibeba kwa mikono miwili. Nikapiga goti mbele ya mjomba. Nikakifungua kitenge polepole, kama nilivyokuwa nimefanya mazoezi nyumbani mbele ya kioo, na nikainua kichwa kusubiri vigelegele.

Mtoto mmoja aliuliza kwa Kiingereza kama ni ya kweli, akanyamazishwa. Nikaona mama mkwe anainuka, anamchukua mtoto aliyekuwa karibu naye, anatoka kwa mlango wa nyuma. Nikadhani amekwenda kuwaita majirani waje waone.

Kwa hiyo nikaendelea. Nilimwonyesha mjomba taji. Nilimwonyesha namba kwenye mtutu, nikamwonyesha komeo, nikamwomba atazame mwenyewe vichwa vya skrubu. Nilimwambia imetoka kiwanda gani, na mti wake ni wa aina gani, na kwamba haijawahi kupigwa msasa. Nyuma yangu mshenga alikuwa ananivuta koti, nami nikamsukuma kwa kiwiko.

Mjomba alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema taratibu, "Minakuuliza, baba. Hii ilishauwaka mutu?"

Nikamwambia kwamba aina hii ilitumika sana, na kwamba mihuri ya upande wa kushoto inaonyesha ilikaguliwa mara mbili.

"Minakuuliza kintu kimoja tu," akasema.

Nimeisoma bunduki ile kwa kioo cha kukuzia, ninajua tarakimu zake kuliko ninavyojua namba ya simu yangu, na swali lile halikuwahi kunijia. Nilisema sijui. Ndipo nilipogeuka na kuwaona wale watu. Mzee mmoja alikuwa ameshika ukingo wa meza. Mama mmoja alikuwa amefunika macho ya binti yake. Na kupitia dirisha la jikoni nikamwona mama mkwe amesimama uani kwenye theluji, bila viatu, amemkumbatia yule mtoto, anatazama ukuta wa jirani.

Binti zake wadogo, wale waliozaliwa kambini, walitoka mbio kumrudisha. Baba mkwe hakuinuka. Alinena bila hasira, akitazama zulia. "Siku ile batu ba bunduki balikuja ku nyumba, alitokaka vile vile. Na mutoto mumoja tu."

Mchumba wangu alikuwa ametoka chumbani bila kuitwa. Huyo mtoto mmoja alikuwa ni yeye. Aliitazama bunduki, akanitazama mimi niliyepiga goti na kitenge begani.

"Nilikuambia koti," akasema, akarudi ndani, na mlango wa chumba ukafungwa.

Nimewahi kuaibika mara nyingi, lakini aibu nyingine zote zilikuwa za kujichekesha. Hii haikuwa ya kucheka. Nilielewa kwamba nimempoteza, na kwamba nimempoteza kwa kujisifu. Nikaanza kuifunga ile bunduki haraka, nikisema tutairudisha kwenye gari, tutaleta koti, tutaleta makoti mawili. Mjomba akaninyooshea mkono.

"Apana. Kwetu, mukwe akiweka kintu mbele ya mujomba, na mujomba akirudisha, ndoa imekufa. Donc siwezi kurudisha. Lakini hii haiwezi kulala katika hii nyumba." Akafikiri. "Sasa hii ni ya nani?"

"Ni yako, mjomba."

"Ya miye kabisa?"

"Kabisa."

"Bon. Basi ukate. Ukate yote, iingie mu pipa ya takataka. Mikono yangu inatetemeka, weye njo utakata. Ukimaliza, tutaita mutoto atoke mu chumba."

Hapa ingefaa niseme kwamba nilishukuru. Ukweli ni kwamba nilimweleza mjomba, kwa heshima, kwamba bunduki yenye namba zote zinazolingana haikatwi, kwamba liko jumba la makumbusho ambalo pengine lingeipokea, kwamba hata kuipiga msasa ni dhambi. Mshenga akainama sikioni mwangu.

"Mnyamwezi," akasema, "kata, au nitakukata mimi."

Wakaniletea msumeno wa chuma na meza kuukuu ya bustani. Nilitoka uani na bunduki, na wanaume wakanifuata, wakasimama kando na mikono mifukoni. Hapakuwa na jiliwa la kuibana. Nikaulaza mtutu mezani, nikaukalia kwa goti, nikavuta msumeno, na mtutu ukabiringika. Nikauweka tena, ukabiringika tena. Meno ya msumeno yaliteleza yakachora mstari mrefu juu ya taji, lile taji lenye kingo kali, na pale machozi yakanitoka.

Wazee wakatikisa vichwa kwa huruma, na mshenga akanipigapiga mgongoni. Walidhani ninalia kwa toba. Nilikuwa ninalililia taji. Ninaliandika hivi hivi, kwa sababu hata kulia kwangu siku ile kulikuwa kwa kipumbavu.

Mlango wa jikoni ukafunguka. Mama mkwe alitoka amevaa mabuti makubwa ya mumewe, amejifunga shali. Wanaume wakampisha. Alikuja hadi mezani, akasimama kwa muda mfupi, akivuta pumzi kama mtu anayetaka kuingia kwenye maji baridi. Kisha akaushika mtutu kwa mikono miwili, upande wa mdomo wake, akaukandamiza mezani kwa uzito wake wote. Mikono yake ilikuwa karibu na yangu kiasi kwamba niliona jinsi alivyoikaza.

Nikafuta uso. Sikuweza kumtazama.

"Usilie, baba," akasema. "Hata siye tuliachaka bintu bingi bya muzuri. Kata. Mi nashika."